Uzi: Logi asilia ilitangulia nambari e kwa zaidi ya karne moja. Mbona tunaisoma kinyume?

Chemchemi (Njoro)

Hamjambo wanajukwaa. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa chuo kikuu hapa Njoro. Katika shule ya sekondari tulizitumia logi za kizio cha kumi (logi ya nambari ni kipeo ambacho 10 hupewa ili kuitoa nambari hiyo) tangu kidato cha pili, na sikupata shida kuzielewa kwa sababu kumi ndiyo nambari tunayohesabia kila siku. Sasa nimekutana na logi asilia, ambayo kizio chake ni 2.71828 na tarakimu nyingine zisizokwisha, na kila kitabu ninachokifungua kinaitaja nambari hiyo e katika mstari wa kwanza bila kueleza ilikotoka. Naomba kuuliza: mtu wa kwanza kukichagua kizio hicho alikichagua kwa sababu gani, ilhali 2 au 10 zilikuwapo?

Mwalimu wa Kondele (Kisumu)

Ndugu Chemchemi, hakuna mtu aliyekichagua. Logi hizi zilipatikana mara mbili, mara ya kwanza kutokana na mwendo na mara ya pili kutokana na eneo, na wote waliozipata hawakuwa na kizio chochote wala hawakukihitaji. Vitabu vinaanza na e kwa sababu vinafuata mpangilio alioweka Leonhard Euler mwaka 1748, ambao ni mzuri kwa mtu anayetaka kuandika kwa ufupi, lakini unageuza historia juu chini. Nitaeleza kwa mapana, kwa hivyo nivumilie.

John Napier (1550–1617) alikuwa bwana wa Merchiston, karibu na Edinburgh huko Uskoti. Wanafalaki na mabaharia wa wakati wake walikuwa wakizidisha na kugawanya sini za pembe zenye tarakimu saba au zaidi, kwa mkono, siku nzima, na kosa moja katikati ya hesabu liliharibu kazi yote. Napier alitaka kila kuzidisha kugeuke kujumlisha. Mwaka 1614, baada ya kazi ya takriban miaka 20, alichapisha majedwali yake.

Alivyofikiri ni hivi. Chukua kipande cha mstari chenye urefu wa 10,000,000, ambao ndio ukubwa alioipa sini kamili, yaani sini ya nyuzi 90, ili kuepuka sehemu. Nukta moja inakimbia juu ya kipande hicho kuelekea mwisho wake, na kasi yake wakati wowote inalingana na umbali uliobaki: ikibakiwa na nusu ya njia, kasi nayo imebaki nusu. Nukta ya pili inakimbia juu ya mstari mwingine usio na mwisho, kwa kasi isiyobadilika, nayo ni ile ile kasi ambayo nukta ya kwanza ilianza nayo. Baada ya muda wowote, umbali uliosafiriwa na nukta ya pili ndio logi ya umbali uliobakia nukta ya kwanza.

Tazama kwamba katika maelezo hayo hakuna kizio wala kipeo. Hata alama ya kipeo tunayoiandika juu ya nambari leo ilizoeleka baada ya Descartes kuitumia mwaka 1637, na kufikia hapo Napier alikuwa amefariki miaka 20 iliyopita. Hata hivyo, ukiwa na ujuzi wa sasa utaona kwamba logi ya Napier ya nambari x ni milioni 10 mara logi asilia ya milioni 10 ikigawanywa kwa x. Kiini chake ni logi asilia, kwa sababu alifungamanisha kasi na umbali moja kwa moja, bila kutia kizidisho cha ziada katikati. Kizidisho hicho kikiwa 1, unapata logi asilia. Kikiwa kingine chochote, unapata logi ya kizio kingine.

Bi. Hesabu (Kakamega)

Mwalimu, nakubaliana nawe kwa sehemu kubwa, ila nina mambo mawili. La kwanza ni kwamba nimesoma mahali pengi kwamba kizio cha Napier kilikuwa 1/e. Kama ni kweli, basi kizio kilikuwapo. La pili, umemsahau Joost Bürgi wa Uswisi, fundi wa saa aliyetengeneza majedwali yake mwenyewe bila kumtegemea Napier.

Mwalimu wa Kondele (Kisumu)

Dada, la Bürgi ni haki yake. Alizaliwa mwaka 1552, akafanya kazi katika makao ya kifalme huko Prague, na majedwali yake yalichapishwa mwaka 1620. Alijenga safu yake ya nambari kwa kuzidisha mara kwa mara kwa 1.0001, kumaanisha kwamba kila hatua iliongeza sehemu moja ya elfu kumi ya ile iliyotangulia. Alichelewa kuchapisha, na sifa ikamwendea aliyewahi.

Kuhusu 1/e, huo ni usomaji wa watu waliokuja baadaye. Logi yenye kizio, kwa maana tunayoifahamu, lazima iipe 1 thamani ya sifuri. Katika jedwali la Napier, sifuri ilikaa kwenye milioni 10, na logi ziliongezeka kadiri nambari zilivyopungua. Kwa hivyo ukizidisha nambari mbili huwezi kujumlisha logi zake na kuishia hapo. Kuna kiasi kisichobadilika ambacho lazima ukiondoe kila mara. Unaweza kuligawanya jedwali lote kwa milioni 10 ili upate 1/e, lakini wewe ndiye utakayekuwa umekileta kizio hicho.

Usumbufu huo wa sifuri ndio uliomsafirisha Henry Briggs, profesa wa Chuo cha Gresham jijini London, hadi Edinburgh mwaka 1615. Wazee hao wawili walikubaliana kwamba logi ya 1 iwe 0 na ya 10 iwe 1. Briggs alirudi tena mwaka uliofuata, na mwaka 1617, ambao ndio Napier alifariki, akachapisha logi za nambari 1 hadi 1,000. Ili kufika huko alitafuta kipeuo cha pili cha 10, kisha kipeuo cha pili cha jibu hilo, na kuendelea hivyo mara 54. Jedwali lake kubwa la mwaka 1624 lilikuwa na tarakimu 14 baada ya nukta, nalo liliacha pengo kati ya 20,000 na 90,000 ambalo Adriaan Vlacq wa Uholanzi alilijaza mwaka 1628 kwa tarakimu 10. Majedwali ya tarakimu nne tuliyoyabeba katika mtihani wa kidato cha nne, kabla ya vikokotoo kuruhusiwa, ni wajukuu wa kazi hiyo.

Sasa angalia ajabu hii. Mwaka 1618, tafsiri ya Kiingereza ya kazi ya Napier ilichapishwa tena ikiwa na kiambatisho ambacho wengi wanaamini kiliandikwa na William Oughtred. Humo logi ya 10 imeandikwa 2302584. Weka nukta baada ya tarakimu ya kwanza, kisha ulinganishe na kikokotoo chako: logi asilia ya 10 ni 2.302585. Jedwali la logi asilia lilikuwa limekwisha kuchapishwa, na hakuna aliyekuwa na haja ya kuuliza kizio chake.

Mhasibu (Bungoma)

Naomba kuingiza upande wa fedha, kwa sababu nilidhani e ilitoka kwenye riba. Katika chama chetu, mkopo unatozwa asilimia 10 kwa mwezi, na asiyelipa riba ile huongezewa kwenye deni, kwa hivyo ni riba juu ya riba. Mweka hazina wetu ana kanuni yake: gawanya 72 kwa riba, utapata muda wa deni kuongezeka maradufu. 72 kwa 10 ni miezi 7.2.

Mwalimu wa Kondele (Kisumu)

Kanuni hiyo ya mweka hazina ina umri mkubwa kuliko logi zenyewe. Luca Pacioli aliiandika katika kitabu chake cha hesabu kilichochapwa Venice mwaka 1494, miaka 120 kabla ya Napier, na hakueleza ilikotoka. Leo tunaweza kueleza. Logi asilia ya 2 ni 0.6931, kwa hivyo kwa riba ndogo sana inayohesabiwa bila kukoma nambari sahihi ingekuwa 69.3. Riba ikihesabiwa kwa vipindi, nambari hiyo lazima ipande kidogo. Kwa asilimia 10 ni takriban 72.7, na muda kamili ni miezi 7.27. Wafanyabiashara walipenda 72 kwa kuwa inagawanyika kwa 2, 3, 4, 6, 8, 9 na 12 bila kubakisha kitu.

Ni kweli pia kwamba riba ilimleta Jacob Bernoulli karibu na e mwaka 1683. Aliuliza: shilingi moja ikitozwa asilimia 100 kwa mwaka, na riba ikihesabiwa mara nyingi zaidi na zaidi ndani ya mwaka huo, deni litafika wapi? Mara moja kwa mwaka ni 2, mara mbili ni 2.25, kila mwezi ni 2.613, kila siku ni 2.7146. Alionyesha kwamba kikomo kiko kati ya 2 na 3. Lakini hakusema kwamba kikomo hicho kina uhusiano na logi, na katika mwaka huo logi asilia zilikuwa tayari zinahesabiwa kwa makumi ya tarakimu, kama nitakavyoeleza. Kwa hivyo riba ni mlango wa pembeni.

Mlango mkuu ni eneo. Chemchemi, unakumbuka kanuni ya kidato cha nne ya kutafuta eneo chini ya mstari wa x kwa kipeo fulani: ongeza 1 kwenye kipeo, kisha ugawanye kwa kipeo kipya. Wanahisabati wa miaka ya 1630, akiwemo Fermat, waliijua kanuni hiyo kwa namna yao, na waliona kwamba inagoma mahali pamoja tu. Kipeo kikiwa hasi moja, yaani mstari wa 1/x, ukiongeza 1 unapata sifuri, na huwezi kugawanya kwa sifuri. Mstari huo ni hipabola. Eneo lake lilibaki kama jino lililong'oka katikati ya safu nzima.

Aliyelijaza pengo hilo ni Grégoire de Saint-Vincent, padri Mjesuiti aliyezaliwa Bruges, katika kitabu kikubwa alichokichapisha mwaka 1647. Chora 1/x. Chukua eneo lililo kati ya x = 1 na x = 2. Sasa livute kwa upana mara tatu na ulibane kwa urefu mara tatu. Eneo halikubadilika, kwa kuwa ulichoongeza huku umekipunguza kule. Lakini limetua wapi? Limetua barabara chini ya mstari ule ule wa 1/x, kati ya 3 na 6. Kwa hivyo eneo kutoka 1 hadi 2, kutoka 3 hadi 6, na kutoka 50 hadi 100 ni sawa. Uwiano wa mipaka ndio unaoamua, si mipaka yenyewe.

Matokeo yake ni kwamba eneo kutoka 1 hadi 6 ni eneo kutoka 1 hadi 3, ukijumlisha eneo kutoka 3 hadi 6, ambalo ni sawa na eneo kutoka 1 hadi 2. Kuzidisha 3 kwa 2 kumegeuka kujumlisha maeneo. Saint-Vincent hakulitamka neno logi hapo. Mwanafunzi wake, Alphonse Antonio de Sarasa, ndiye aliyeandika mwaka 1649 kwamba maeneo hayo yana tabia ya logi.

Chemchemi (Njoro)

Mwalimu, nimechora. Nimetumia kanuni ya trapezia kwa vipande vinne kati ya 1 na 2, nikapata 0.6970. Kisha nikatumia kanuni ya urefu wa katikati kwa vipande vile vile vinne, nikapata 0.6912. Kikokotoo kinasema 0.6931. Nimefurahi sana, kwa sababu haya ni mambo ya kidato cha nne na sikuhitaji kuijua e popote. Sasa, kwenye mchoro huu, e iko wapi?

Mwalimu wa Kondele (Kisumu)

Safi sana. Trapezia imezidi kwa sababu mstari umebonyea kwenda chini na upande wa juu wa kila trapezia unapita juu yake. Ile ya urefu wa katikati imepungua kwa sababu iyo hiyo.

Ili kuiona e, anza kwenye 1 na utembee kulia hadi eneo nyuma yako litimie 1 kamili. Ukifika 2.7 utakuwa na takriban 0.993, na ukifika 2.75 utakuwa na 1.012, kwa hivyo umeipita njiani. Mahali eneo linapotimia 1 ndipo e ilipo. Nambari hiyo ni jibu la swali linaloweza kuulizwa baada tu ya eneo kujulikana, na hiyo ndiyo sababu ilichelewa.

Fundi wa Lanet (Nakuru)

Nimefuatilia kwa makini. Mimi si mtu wa chuo, ila nashughulika na vipimo. Haya maeneo ya hipabola yalimsaidia nani nje ya vitabu?

Mwalimu wa Kondele (Kisumu)

Kaka, yaliwasaidia mapema sana, na mfano mzuri unatuhusu sisi wawili. Edmond Halley, yule wa nyotamkia, aliandika mwaka 1686 jinsi ya kutafuta urefu wa mahali kwa kipimahewa cha zebaki. Tabaka la chini la hewa limebanwa na uzito wa tabaka zote zilizo juu yake, kwa hivyo kadiri unavyopanda, kanieneo (msukumo wa hewa kwenye eneo) inapungua kwa kiasi kinacholingana na kanieneo iliyobaki. Hiyo ni nukta ya Napier kabisa, ikipunguza mwendo kadiri umbali unavyoisha. Halley alilitambua jambo hilo, na akatumia maeneo ya hipabola, yaani logi, kupata urefu.

Kisumu iko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na Nakuru takriban mita 1,850. Tofauti ni mita 720. Kwa joto la kwetu, tofauti ya urefu ni kama mita 8,600 mara logi asilia ya uwiano wa kanieneo mbili. Gawanya 720 kwa 8,600 upate 0.084, na uwiano unakuwa 0.92. Maana yake ni kwamba hewa ya Nakuru ina kanieneo iliyo chini ya ile ya Kisumu kwa takriban asilimia 8. Anayesoma kipimahewa huku na huko bila kusahihisha kwa urefu atadhani Nakuru ina dhoruba isiyokwisha.

Bi. Hesabu (Kakamega)

Niongeze la makumbusho ya Hyrax Hill hapo Nakuru, kwa kuwa nimewahi kuwapeleka wanafunzi. Makaa ya kale hupimwa umri kwa kaboni 14, ambayo nusu yake huisha kila baada ya miaka 5,730. Gawanya 5,730 kwa logi asilia ya 2 upate takriban 8,267. Kwa mfano, makaa yaliyobakiwa na asilimia 60 ya kaboni hiyo yana umri wa 8,267 mara logi asilia ya 1 ikigawanywa kwa 0.6, yaani kama miaka 4,220. Kwa mashoka ya mawe ya Kariandusi karibu na Gilgil njia hiyo haifai kabisa, maana kaboni yote ilikwisha zamani. Huko hutumiwa potasiamu inayogeuka kuwa agoni ndani ya miamba ya volkeno, ila logi inabaki ile ile.

Mwalimu, ulituahidi makumi ya tarakimu.

Mwalimu wa Kondele (Kisumu)

Ahadi ni deni. Tatizo la eneo lilikuwa kulihesabu. Mwaka 1668 Nicholas Mercator, Mjerumani aliyeishi London (asichanganywe na yule wa ramani), aligawanya 1 kwa 1 + x kwa mgawanyo mrefu wa kawaida, akapata 1 − x + x² − x³ na kuendelea, kisha akatafuta eneo la kila kipande. Logi asilia ya 1 + x ikawa x − x²/2 + x³/3 − x⁴/4, bila kikomo. Yeye alitumia jina la logi asilia, na Pietro Mengoli wa Bologna alikuwa amelitumia hata kabla yake.

Kitabu cha Mercator kilimshtua kijana mmoja wa Cambridge. Isaac Newton alikuwa ameupata mfululizo huo miaka mitatu kabla, mwaka 1665, tauni ilipofunga chuo na yeye akakimbilia mashambani Lincolnshire. Huko alihesabu eneo la hipabola kwa tarakimu 52, na hakulichapisha. Nadhani tarakimu zote hizo hazikuwa na kazi yoyote. Alikuwa akiufurahia mfululizo tu.

Mfululizo wenyewe una uvivu wake. Ukiweka x = 1 ili kupata logi asilia ya 2, baada ya vipande kumi bado uko kwenye 0.6456. James Gregory, Mskoti, alitoa mwaka huo huo wa 1668 njia bora: mara mbili ya 1/3 + 1/81 + 1/1,215 + 1/15,309. Vipande hivyo vinne tu vinakupa 0.69313.

Euler ndiye aliyefunga mambo. Aliiandika e katika barua kwa Goldbach mwaka 1731, na katika kitabu chake cha 1748 akaitoa kwa tarakimu 23 baada ya nukta, kisha akafafanua logi kuwa kipeo ambacho kizio lazima kipewe ili kutoa nambari fulani. Huo ndio ufafanuzi mliofundishwa. Mimi naona kwamba ufafanuzi huo ni sahihi kwa logi ya 10 na unachosha kwa logi asilia. Siko peke yangu: Felix Klein wa Göttingen aliwashauri walimu mwaka 1908 waanze na eneo la hipabola. Mitaala haikumsikiliza.

Chemchemi (Njoro)

Nashukuru sana, Mwalimu. Swali la mwisho: eneo likianzia 1 na kwenda kushoto, linakuwa hasi, na linapokaribia sifuri halina mwisho. Je, logi ya nambari hasi haipo kabisa, au kuna njia ya kuvuka?

Mwalimu wa Kondele (Kisumu)

Leibniz na Johann Bernoulli, mdogo wake Jacob, waligombana kwa barua kuhusu hilo mwaka 1712 na 1713. Bernoulli alisema logi ya −x ni sawa na ya x, kwa kuwa vipeo vyao vya pili ni sawa. Leibniz alikataa, akasema logi kama hiyo haiwezi kuwa nambari halisi. Euler aliwaamua mwishoni mwa miaka ya 1740: huwezi kuvuka sifuri kwenye mstari, lakini unaweza kuizunguka kupitia nambari changamano, zile zenye i, yaani kipeuo cha pili cha −1, na kila mzunguko kamili unaongeza 2πi. Logi asilia ya −1 ni πi, na pia 3πi, na −πi, na nyingine zisizo na idadi. Hata 2 ina logi asilia nyingi za aina hiyo, ambazo kati yake 0.6931 ndiyo pekee iliyo halisi.